Tufanye Nini? Hotuba ya Majilio kwa Wananchi wa Midia

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii, iliyotolewa Midia, Wilaya ya Koboko, baada ya ibada ya Jumapili ya tatu ya Majilio.

 

Nimeombwa niseme machache juu ya majira haya. Mimi si padri wala mchungaji. Mambo ya altare nawaachia wenye nayo. Nitasema kama Mkristo avaaye sare, kwa sababu somo la Injili linalosomwa Jumapili hii, mwaka wa Luka unapofika, linawataja watu wa kazi yangu waziwazi, na mtu akitajwa haifai akae kimya.

Kwanza, neno lenyewe. Majilio latoka katika kitenzi kuja. Wazee wa Kanisa waliosali kwa Kilatini waliyaita majira haya kwa neno lenye maana hiyohiyo. Basi mkuu wa majira haya ni Yule ajaye. Sisi ni wenyeji wake tu. Majira huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtume Andrea, na kuendelea kwa Jumapili nne hadi mkesha wa Krismasi. Hadi tarehe 16 Desemba masomo hutuelekeza kwenye kuja kwa Bwana mwishoni mwa nyakati, kama hakimu. Tangu tarehe 17 hutuelekeza Bethlehemu, kwa mtoto. Mmeona padri akivaa zambarau, na leo wengine huvaa rangi ya waridi, kwa kuwa furaha imekaribia. Kanisa latufundisha kumngojea hakimu na mtoto mchanga katika majira yaleyale, nao ni mmoja. Anayemwogopa hakimu, na amtazame mtoto; anayemdharau mtoto, na akumbuke hakimu.

Ndugu zangu, kungoja si kukaa bure. Ninyi wakulima mnalijua hilo kuliko mimi. Mvua zikiisha na kiangazi kikaingia, hakuna anayelala akisema anangoja Krismasi. Simsim inapigwa, muhogo unaanikwa, nyasi za kuezekea zinakatwa, kuta zinasiribwa upya. Nabii Isaya alipotangaza kwamba Bwana anakuja alitaka njia itengenezwe jangwani, vilima vishushwe, mabonde yainuliwe. Wengi wenu mliona jambo hilo kwa macho yenu, mitambo ilipokata udongo na kujaza makorongo hata ikapatikana barabara ya lami itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba. Kabla ya hapo safari ilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua. Njia haikunyooka kwa kutamaniwa. Palikuwa na kuchimba, na palikuwa na watu waliosogeza nyumba na mashamba yao ili ipite. Kuandaa njia ya Bwana nako kuna gharama, na kila mmoja ana kitu chake cha kusogeza.

Sasa nije kwenye somo. Yohane Mbatizaji alihubiri kando ya Yordani, mwaka wa kumi na tano wa enzi ya Kaisari Tiberio. Makundi matatu yalimwendea kwa zamu, na yote yakauliza swali moja: tufanye nini? La kwanza ni umati wa watu, akawaambia kwamba mwenye nguo ya akiba na chakula amgawie asiye navyo. La pili ni watoza ushuru. Hakuwaambia waache kazi, aliwaagiza wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. La tatu ni askari. Hao aliwakataza kunyang'anya watu kwa nguvu na kuwasingizia, akawataka waridhike na mshahara wao.

Tazameni nani waliouliza: raia, watu wa forodha, na wenye silaha. Hao ndio sisi tuliopo mpakani. Yohane angesimama leo pale Oraba, au pale Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, angewakuta watu walewale na maswali yaleyale. Wala hakumwambia yeyote aende jangwani akale nzige. Alimrudisha kila mtu kazini kwake, akiwa na mikono safi.

Kwa kuwa somo limetutaja sisi askari, nitasema lililo langu kabla sijasema la mwenzangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana katika kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama mmoja asubuhi kumuulizia mwanawe tuliyemweka mahabusu. Kosa lilikuwa dogo, na karatasi ya dhamana yake ilikuwa tayari ndani ya mtoto wa meza yangu. Nilimwambia, "Mama, ngoja." Akaketi kwenye benchi. Saa sita nikamwambia tena, "Ngoja." Sikumdai kitu, nilitaka aelewe mwenyewe. Jioni akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka mezani bila kunitazama usoni. Kijana alitoka kabla ya jua kuzama. Mama yule hakuninung'unikia. Alisema asante, akaondoka na mwanawe.

Asante ile ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Nilimfanya mama wa watu anishukuru kwa kumuuzia kilicho chake. Sikumwona tena, na fedha ile siwezi kuirudisha. Kila mwaka Majilio yakifika na nikisikia neno kungoja likisifiwa kanisani, nalikumbuka benchi lile. Kwa asiye na ufunguo, kungoja kwaweza kuwa imani. Mwenye ufunguo akimngojesha mwenzake bila sababu, huo ni wizi. Tusimsingizie Mungu mapenzi yetu kwa kumwambia maskini avumilie pale ambapo sisi wenyewe ndio tunaomchelewesha.

Kwa hiyo nawaambia hadharani, mbele ya askari wenzangu: dhamana ya polisi ni bure. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inataka aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 48 kupita, ikiwa hajaachiliwa. Saa hizo ni mpaka wa kungoja kwake. Yohane mwenyewe baadaye alitiwa gerezani na Herode, na kutoka humo akawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye ajaye au wamtazamie mwingine. Hata nabii alitikiswa na giza la mahabusu. Askari anayeshika funguo za selo akumbuke aina ya watu waliowahi kulala humo.

Nanyi wananchi, msituachie askari peke yetu swali hili. Anayempa afisa kitu ili mzigo wake upite njia ya panya bila kukaguliwa amesaidia kulipotosha pito la Bwana. Anayemshika mwizi na kuwaita watu waje na mawe amekataa kumngojea hakimu, wa mahakama na wa mbinguni. Hasira yenu naielewa: kesi huchelewa, na mwaonea uchungu mali yenu. Lakini mtu akishauawa hakuna rufaa. Mleteni kituoni, chukueni namba ya kesi, mtudai. Kutudai ni haki yenu.

Mwenye nguo mbili naye asidhani hajaguswa. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka miaka ya 1979 na 1980, watu wa West Nile walipovuka kwa maelfu kuingia Sudan na Zaire, wakiwa na watoto migongoni. Mlipokewa na watu wa lugha yenu na hata na wasio wa lugha yenu. Mlingojea kurudi, wengine miaka mingi. Baadaye mlango ukageuka. Ndugu wa Kongo wapo Lobule, humuhumu wilayani kwetu. Ndugu wa Sudan Kusini walimiminika hasa tangu vita vya Juba vya Julai 2016, na Wakakwa wengi kati yao ni jamaa zenu wa damu. Najua kuna ugomvi wa kuni, wa maji na wa mifugo iliyoingia shambani. Ugomvi huo tuuleteni kwa wazee na kwa polisi mapema, ungali mdogo. Injili yasema kwamba mtoto huyu tunayemngojea alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wamekwenda kuandikishwa kwa amri ya Kaisari Augusto, na kwamba kabla hajakua walivuka naye mpaka usiku kukimbilia Misri. Anayemfukuza mkimbizi kisimani amejiweka upande wa Herode, ajue asijue.

Ndugu zetu Waislamu, najua haya si mageni kwenu. Ramadhani huwafundisha kuuandaa moyo kabla ya sikukuu, na Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryamu, inayosimulia uchungu wake wa kuzaa chini ya mtende. Neno kusubiri tumelipata kwenu, katika Kiarabu cha subira. Tulitumie pamoja.

Tena niseme juu ya lugha hii ninayoitumia. Kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika katika nchi yetu kama lugha ya mtu mwenye bunduki, na wazazi wengi walikisikia kwa hofu, mlango ukigongwa usiku. Leo ni lugha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na nchi zote tatu zinazokutana hapa ni wanachama wake. Natamani mtoto wa Midia akisikia Kiswahili cha askari asikie kwanza "habari za asubuhi, mama", ndipo mengine yafuate. Hilo nalo ni kuandaa njia.

Zimebaki siku chache. Watoto wamefunga shule. Mjue waliko jioni. Wenye bodaboda, msiendeshe mmelewa, wala msipakie watu wanne kwa furaha ya sikukuu. Wenye kuchoma nyasi, tazameni upepo na paa la jirani. Wenye mgogoro wa mpaka wa shamba, ketini sasa, kabla pombe ya Krismasi haijaketi kati yenu. Sisi askari tutakesha mkilala. Zaburi ya 130 inamtaja mlinzi aitazamiaye asubuhi, na kila aliyewahi kushika lindo anajua kwamba mlinzi haileti asubuhi. Kazi yake ni kuwa macho, ili itakapokuja iwakute watu wazima.

Mwisho, naomba kila mmoja arudi nyumbani na swali la Yordani, alijibu kwa jambo moja analoweza kulitenda kabla ya tarehe 25: deni moja, msamaha mmoja, nguo moja, faili moja lililokaa mezani bila sababu. Na kama yule mama, au mwanawe, atasikia maneno haya popote alipo, namwomba radhi.

Mungu atubariki, aulinde mpaka wetu, na ajapo atukute tuko macho.