Safari Yetu ya Butiama



Kiangazi kile tulikwenda Butiama, kila mama kwa nauli yake, sanduku hatukuligusa. Tuliposhuka tulitembea kwa miguu hadi Mwitongo, tukatoa heshima kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Mwaka 1967 yeye alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Basi nasi tukaona haya kulalamikia magoti!

Mwenzetu mmoja alikuwa na deni, miezi anatukwepa. Tulipopumzika kwenye mawe ya Mwitongo akatueleza yote. Hatukumfukuza, tulimpangia alipe kidogo kidogo. Amemaliza, na ameruhusu tuyaseme haya. Akina mama, aliye nyuma tumsubiri.