Sungura wa Angora: Maumbile Yake na Utunzaji wa Sufi



Asili ya Angora inahusishwa na Uturuki, lakini tangu karne ya 18 Wafaransa ndio waliomwendeleza sana kama mnyama wa sufi. Leo wapo wa aina kadhaa. Angora wa Kiingereza ni mdogo, na sufi humfunika mpaka usoni na masikioni. Wa Kifaransa uso wake una manyoya mafupi, na koti lake lina nywele nyingi ngumu za juu zinazopunguza mafundo. Anayeanza kufuga namshauri amchukue wa Kifaransa, maana wa Kiingereza humtaka mtu mwenye nafasi ya kumshughulikia kila siku.

Unywele wa Angora una kipenyo cha maikroni 11 hadi 15 hivi, na ndani yake mna uwazi wenye hewa. Ndiyo maana sufi yake ni nyepesi na ina joto kuliko ya kondoo. Hurefuka takriban sentimita 2.5 kwa mwezi. Joto hilo hilo humtesa mwenyewe: halijoto ikipita nyuzi 28 huanza kuhema. Kwa sababu hiyo simshauri mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amfuge bila banda la baridi.

Kuchana ndiyo kazi yenyewe. Mpakate, kisha pulizia sufi kwa mdomo au mashine ya upepo baridi mpaka uone ngozi. Hapo utaona mba, utitiri na fundo linaloanza. Chana kidogo kidogo. Kagua kwapani, chini ya kidevu, nyuma ya masikio na kuzunguka mkundu. Fundo usilivute, kwani ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika kirahisi. Lichambue kwa vidole. Likikataa, tanguliza kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu yake. Usimwogeshe: sufi ikilowa husokotana, na mnyama hupata mshtuko.

Sungura hujilamba na hawezi kutapika, kwa hiyo nywele anazomeza zinaweza kuziba tumbo. Nyasi kavu ziwepo kizimbani usiku na mchana, na maji yasikosekane. Kinyesi kikipungua, kikawa kidogo kidogo au kuungana kwa nywele kama shanga, ongeza kuchana. Akiacha kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mavuno ni kila baada ya miezi mitatu hivi. Mwaka 2013 picha za sungura waking'olewa manyoya huku wakilia huko China zilifanya maduka makubwa ya Ulaya yaache bidhaa za Angora, na yalifanya vizuri. Sufi hunyonyolewa kwa mkono pale tu inapoanguka yenyewe kwa msimu. Vinginevyo tumia mkasi, ukikaza ngozi kwa kiganja na kuziepuka chuchu za jike. Akishanyolewa, mkinge na baridi na upepo kwa wiki chache, na umwongezee chakula.