Ukuta wa Dari

 

Neno letu la leo linatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Hapo Musa anawaagiza watu kwamba mtu akijenga nyumba mpya, auzungushie ukuta ukingo wa dari yake, ili mtu akianguka, damu yake isidaiwe kwa nyumba hiyo.

Dari za Waisraeli zilikuwa bapa, kama zilivyokuwa zile nyumba za mawe za kale pale Gede. Watu walipanda juu kufanya shughuli zao. Rahabu alitandaza kitani darini. Petro alipanda darini kusali.

Angalieni jambo moja, ndugu zangu. Amri hii inatolewa wakati wa kujenga. Haingoji mtu aanguke. Tena haisemi na yule apandaye, kwamba ajihadhari. Inasema na mwenye nyumba.

Sisi tuna msemo: ajali haina kinga. Kibarua akianguka kutoka ghorofani, twakutana matangani na kusema siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli, uhai wetu umo mkononi mwa Mungu. Lakini Musa atuonyesha kwamba ziko ajali zenye kinga, na kinga yenyewe ni ukuta wa mawe. Naye Bwana Yesu, katika Luka 13:4, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi tusifanye haraka kumlaumu aliyeanguka. Tuulize kwanza: je, ukuta wa dari ulikuwako?

Tazameni mapaa yetu ya makuti. Mteremko wake ni mkali ili maji ya mvua yapite upesi, na baada ya miaka michache mafundi hupanda tena kuezeka upya. Fundi yule akanyage wapi? Mchoraji wa ramani akimfikiria mapema, ataweka kwenye boriti nene vyuma imara vya kufungia kamba. Nyumba ikiwa ya ghorofa, ngazi ya zege na ijengwe pamoja na kila sakafu, ili vibarua wasipandishe karai kwa ngazi ya miti iliyofungwa kamba. Ukuta wa ukingo na uchorwe kupita kiuno, ujengwe mapema. Leo utamkinga mwashi, kesho mpaka rangi, na miaka 20 ijayo fundi wa bomba atakayepanda kutazama tangi. Tangi nalo likae mbali na ukingo.

Serikali nayo haikunyamaza. Kenya ina kanuni za ujenzi za mwaka 1984 zinazohusu majukwaa, ngazi na mashimo, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Huko Uingereza, tangu mwaka 1995, kanuni zinamtaka hata mchoraji wa ramani awafikirie wale watakaojenga. Musa alikwisha kulisema jambo hilo zamani sana.

Wazee wa kanisa, nanyi wa kamati za ujenzi, neno hili ni letu. Kanisa hujengwa kwa harambee, na fedha ni chache. Tukitaka kupunguza gharama, tusianze na mbao za jukwaa. Madhabahu nzuri haifuti machozi ya mjane wa saidia fundi. Kabla ya jiwe la msingi, mwiteni mchoraji na fundi mkuu, ifungueni ramani mezani, mwulize: Atakayejenga hapa atasimama juu ya nini? Atashika nini? Atakayekuja kutengeneza atafunga wapi kamba yake? Kama hakuna jibu, ramani haijamalizika.

Kumpenda jirani kwaweza kuanza kwa penseli, kabla jirani huyo hajajulikana jina.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala, walinde mafundi na vibarua wote watakaopanda leo. Utupe sisi wenye nyumba moyo wa kuwafikiria kabla hawajapanda. Amina.