Kinywe cha Ruangwa Ndani ya Kompyuta

Ukitoka Ruangwa kwenda kuikuta barabara kuu ya Masasi na Mingoyo, unapitia Nanganga. Ardhi ya Ruangwa ina kinywe, yale madini meusi yaliyomo ndani ya penseli, ambayo siku hizi yanasakwa kwa ajili ya betri. Leo tunazungumzia watu wanaokichunguza bila kushika sululu wala chupa ya maabara: wanafizikia wa maada wanaotumia kompyuta.

Kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa. Katika unene wa milimita moja mna tabaka karibu milioni 3. Ndani ya tabaka, atomu zimeshikana barabara. Kati ya tabaka na tabaka mshiko ni hafifu, ndiyo maana penseli huacha alama karatasini. Betri ikichajiwa, lithiamu hujipenyeza humo katikati, ikishiba ni atomu moja kwa kila sita za kaboni, na kinywe hutanuka. Kinatanuka kiasi gani, na kwa nini? Jibu limo kwenye elektroni, nazo ni nyingi mno kufuatiliwa moja moja.

Mwaka 1964 na 1965, mwanafizikia Walter Kohn na wenzake walionyesha kwamba yatosha kujua elektroni zimesongamana kiasi gani kila mahali. Kohn akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Lakini kinywe ni mkaidi: baadhi ya kanuni maarufu za makadirio zinazotumika katika njia hiyo hudai kuwa tabaka zake karibu hazishikani kabisa! Hapo ndipo mtafiti anapotofautiana na mbonyeza vitufe.

Nisikufiche, safari ya kuwa mtafiti wa aina hii ni ndefu: shahada, uzamili, uzamivu, pengine na mikataba mifupi, ndipo uhadhiri, na nafasi ni chache. Nafuu iko kwenye vifaa. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayofanya hesabu za aina hii, hutolewa bure, na hesabu ndogo hufanyika kwenye kompyuta ya kawaida. Mafunzo nayo yamesogea. Mwaka 2012, ASESMA, shule ya Afrika ya fani hii, ilifanyika Eldoret, Kenya. Tangu 2018 ipo taasisi ya fizikia Kigali, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964.

Mwanafunzi wa Nachingwea unayesikiliza, usiiache hisabati ukifika kidato cha tano. Na shuleni kwenu kukiwa na kompyuta, mwombe mwalimu muanze na Python, lugha ya kuandikia programu. Nayo ni bure.