Si Uzee Tu



Kando ya vitanda vya wazee wetu, Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kuna neno ninalolisikia kila mara: "Ni uzee tu." Mama mzee analia usiku akigeuzwa, ni uzee. Baba mzee amekataa ugali na sombe siku ya tatu, ni uzee. Nimekuja kulipinga neno hilo. Kinachouma ni donda la kulala, ni saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, ni choo kilichokwama wiki nzima. Kila kimoja kina jina, na kila kimoja kina namna ya kutulizwa hata pale kisipopona. Kazi hiyo ndiyo tiba shufaa.

Wenzetu wa Ulaya wakiizungumzia kwa ajili ya wazee, wanawaza nyumba za kutunzia wazee zenye zamu za wauguzi. Kwetu, nyumba ya wazee ni chumba cha nyuma kwa mtoto, na muuguzi wa zamu ni mjukuu. Tangu mauaji ya raia yalipoanza eneo la Beni, Oktoba 2014, vyumba hivyo vimejaa wazee waliokimbia vijiji vyao, wengine wakibebwa kwa pikipiki.

Niliingia katika chumba kimoja cha namna hiyo Butembo. Mama mzee alikuwa amelalia ubavu wa kulia, uso ukutani. Nilidhani amependa hivyo. Mjukuu wake, msichana wa miaka 14, akanisahihisha: "Ule upande mwingine hawezi, analia." Alianguka njiani wakikimbia, na nyonga ya kushoto haikumwacha tena. Tulipofunua kitenge tukakuta donda kwenye nyonga ya kulia, upana wa kifuniko cha chupa, kingo zake nyeusi. Maumivu ya upande mmoja yalikuwa yamemtoboa upande wa pili. Kwenye mfuko wa dawa mlikuwa na vidonge 4 vya parasetamoli. Familia ile haikumpuuza hata kidogo, ilikuwa imeuza mbuzi kwa ajili yake. Ilichokosa ni mtu wa kumuuliza mzee anaumwa wapi, kisha akaliamini jibu lake.

Dawa ya maumivu makali ipo, tena si ya kitajiri. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na huko unga wa morfini huchanganywa na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kwake. Tangu 2004 sheria ya Uganda inamruhusu muuguzi aliyepata mafunzo maalumu kumwandikia mgonjwa morfini hiyo. Wafanyabiashara wetu wanavuka mpaka wa Kasindi kila siku kuleta bidhaa. Ujuzi huu nao uvuke. Ninaomba muuguzi wa kituo cha afya, si daktari wa lopitali kubwa peke yake, afunzwe na apewe ruhusa kama hiyo.

Najua hofu iliyopo: morfini itamlevya mzee, itamuua. Kwa mzee aliyedhoofu tunaanza na kidogo, pengine miligramu 2.5 kila saa 4, tunatazama usingizi wake na pumzi yake, ndipo tunapandisha ikibidi. Na morfini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa siku ile ile ya kwanza. Wenzetu wa Uganda wametumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Sisi wa Beni, tuliokinga utomvu wa papai miaka yote kwa ajili ya kuuza, tusikose mbegu.

Jambo lingine tulifundishwa na Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa ule uliwapata watu 3,470 huku kwetu mashariki, na 2,287 walifariki. Wengi wetu tunakumbuka uchungu wa mzazi kuchukuliwa asionekane tena. Ndipo shirika la ALIMA likaleta Beni chumba cha plastiki angavu kilichoitwa CUBE, chenye mikono ya glavu iliyounganishwa na kuta zake: muuguzi alimhudumia mgonjwa bila kuingia, na ndugu walisimama nje wakimwona uso. Ikiwa tuliweza kumwonyesha mgonjwa wa Ebola nyuso za watoto wake, mzee wa chumba cha nyuma tunamwacha vipi atazame ukuta?

Kwa mama yule wa Butembo tulianza na dawa ya maumivu iliyopatikana, kwa dozi ndogo. Msichana akajifunza kumgeuza kila saa 2, mto katikati ya magoti, na kumlowesha midomo kwa kitambaa safi. Niliporudi baada ya wiki 2 donda lilikuwa bado lipo, ila kingo zimeanza kuwa nyekundu. Alikuwa ameegemezwa upande wa kushoto, mito mgongoni, uso mlangoni, na kabla sijabisha hodi alikwisha kuniuliza nimekuja na nani.