Kuku Aliyefungiwa Apewe Kazi
Mama zangu na dada zangu wa Kiunga,

Kuku twawafungia kwa kuhofia mwewe na kicheche, ni sawa. Lakini kuku akikaa bure humdonoa mwenzake. Mimi niliwafungia sita katika banda tupu. Mmoja alidonolewa mpaka akafa. Kosa lilikuwa langu.

Basi, wapeni kazi. Tandazeni majani makavu, mtupie humo punje za mtama wachakure. Ning'inizeni fungu la mchicha walirukie. Wekeni mchanga mkavu na jivu waogee, chawa wapungue. Gogo lililoletwa na bahari litawafaa kulalia. Makombe yaliyopondwa huimarisha ganda la yai.

Aliyejeruhiwa mtengeni upesi. Wenzake wakiona damu hawamwachi.

Haya hayataki pesa, yataka macho tu.