Lenta, Mkanda na Kipaa: Istilahi za Ujenzi za Kiswahili na Viwango vya Modeli za Taarifa za Majengo



Katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, zipo nguzo ambazo, kwa masimulizi yanayorudiwa kwa kila mgeni, zilisimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi huo ulioanza mwaka 1873, alikuwa hayupo, na mafundi wakazisimamisha kwa namna walivyoona inafaa. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi. Wasimulizi hukitumia kuwacheka mafundi, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa mtaalamu wa lugha ana swali la kuuliza kabla ya kucheka: fundi aliambiwa nini, kwa neno gani, kuhusu upande upi wa nguzo ni wa chini?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu Steere hakuwa mgeni wa Kiswahili. Mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha mwongozo wa lugha hii, kikiwa na sarufi na orodha ndefu ya maneno. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kuelekea bara ya kusini, nao wakaweka makazi yao Masasi. Kwa hiyo mtu yule yule alikuwa mwanaleksikografia, msimamizi wa ujenzi na mwanzilishi wa makazi. Kamusi alikuwa nayo na michoro alikuwa nayo, ila vitu hivyo viwili vilikaa katika meza mbili tofauti. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, katika Kiswahili, meza hizo bado hazijaunganishwa, na kwamba viwango vya leo vya taarifa za majengo vinaifanya kasoro hiyo iwe ghali kuliko zamani.

Ndanda

Miaka 30 baada ya msafara wa Steere, mwaka 1906, Wabenediktini walianzisha misheni Ndanda, kilomita zipatazo 40 kutoka Masasi, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde. Misheni zao za awali za Lukuledi na Nyangao zilikuwa zimeharibiwa mwaka uliotangulia katika Vita vya Maji Maji. Mahali hapo pana maji yatokayo mlimani, jambo ambalo mtu wa Newala, aliyekulia juu ya uwanda usio na mito, halihitaji kuelezwa thamani yake. Kanisa, hospitali, karakana, mafunzo ya ufundi na kiwanda cha uchapaji vilifuata.

Kwa mwanaisimu, Ndanda ni mfano mwema kwa sababu ya mchanganyiko wa lugha zake. Eneo hilo limezungukwa na Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, na mabruda waliosimamia ujenzi walikuwa Wajerumani. Lugha ya kukutania ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kazi hakikuwa kile kilichokuja kusanifiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Kilikuwa lugha ya amri fupi, ya kuonyesha kwa kidole na ya kupima kwa kamba. Pale mdomo uliposhindwa, mkono ulimalizia. Mfumo huo ulifaa maadamu msimamizi na fundi walisimama mbele ya ukuta mmoja.

Modeli ya taarifa za jengo

Kompyuta haina kidole cha kuonyeshea. Tangu miaka ya 1970, Charles Eastman wa Marekani alipopendekeza mfumo wa kulieleza jengo katika kompyuta, wazo la msingi limebaki lile lile: badala ya kuchora mistari miwili sambamba na kumwachia msomaji atambue kuwa ni ukuta, kompyuta inaelezwa kwamba hiki ni ukuta, urefu wake ni huu, umejengwa kwa tofali hizi, nao umebeba kile. Mchoro, orodha ya vifaa na makadirio ya gharama hutolewa vyote katika maelezo hayo mamoja. Hiyo ndiyo modeli ya taarifa za jengo.

Programu za kazi hiyo ni nyingi, nazo hazisomani kwa hiari. Ili zisomane, uliundwa mpangilio wa data ujulikanao kwa kifupi IFC, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013, na kutolewa upya mwaka 2018 na 2024. Kiwango kingine, ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, kinaeleza nani ampe nani taarifa ipi, na lini. Cha tatu, ISO 12006-3, ndicho kinachopaswa kuwagusa zaidi wanaisimu. Kinaweka msingi wa kamusi ya data ambamo kila dhana ya ujenzi ina kitambulisho chake kisichobadilika, na majina ya lugha mbalimbali huambatishwa kwenye kitambulisho hicho. Jina ni vazi tu. Dhana iliyofasiliwa ndiyo mwili.

Waliosoma nadharia ya istilahi watatambua mkono wa Eugen Wüster. Mwasisi huyo wa taaluma yetu alikuwa mhandisi kabla ya kuwa mwanaistilahi, na alisisitiza kuanza na dhana ndipo liende neno. Waswahili wamezoea njia ya kinyume. Orodha za istilahi zilizotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu miaka ya 1970 zilikuwa kazi ya heshima, lakini nyingi zilikuwa na safu mbili: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Fasili haikuwapo. Katika siasa au michezo msomaji hujisaidia kwa muktadha. Katika modeli ya jengo hakuna wa kumsaidia.

Hata jina la mbinu yenyewe lina mtego. Kifupisho chake cha Kiingereza, BIM, kikitamkwa Kiswahili huwa bimu, na bimu ndilo neno ambalo mafundi wa Tanzania hulitumia kwa boriti ya zege. Mhandisi akisema mradi utaendeshwa kwa bimu, fundi ataitikia kwa furaha na kuuliza ni nondo za milimita ngapi.

Lenta

Mfano ulio wazi zaidi ni neno lenta. Limetokana na Kiingereza lintel, na katika Kiingereza humaanisha boriti fupi inayokaa juu ya uwazi wa mlango au dirisha, ikiegemea ukuta pande mbili. Katika maeneo mengi ya ujenzi Tanzania, fundi akisema wamefikia kufunga lenta, mara nyingi humaanisha ukanda wa zege unaozunguka kuta zote za nyumba katika usawa wa juu ya milango na madirisha. Maana imepanuka, na ipo sababu ya kiufundi: ukanda huo hufanya kazi mbili kwa pamoja, kubeba tofali zilizo juu ya uwazi na kuzifunga kuta zisiachane. Wengine huuita mkanda. Wengine hutumia mkanda kwa ule wa juu kabisa, ambao kenchi za paa hukaa juu yake, na kuacha lenta kwa ule wa chini. Katika mtaala wa darasani lenta hurudi kuwa kipande kifupi.

IFC haina mzaha katika hili. Boriti ni kundi moja, na ndani yake lintel ni aina iliyotajwa kwa jina, ikiwa na fasili ya kipande kilicho juu ya uwazi. Chukulia chumba cha darasa ambacho mzunguko wa kuta zake, ukipimwa katikati ya unene, ni mita 32. Kina mlango mmoja wa mita 0.9 na madirisha 4 ya mita 1.5 kila moja, na kila lenta fupi inaegemea ukuta kwa sentimita 15 kila upande. Urefu wa lenta zote fupi ni mita 8.4. Zikiwa na upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 20, zege yake haifiki mita za ujazo 0.4. Lenta ya fundi, ile inayozunguka, kwa vipimo hivyo hivyo huhitaji karibu mita za ujazo 1.5. Tofauti ni takribani mara nne, na bado nondo hazijahesabiwa. Mkadiriaji majenzi na fundi wanaweza kuafikiana kwa neno moja, wakapeana mikono, na kila mmoja akaondoka na hesabu yake.

Jambo hilo si la karakana pekee. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Mkataba wa ujenzi ulioandikwa kwa Kiingereza, ukatekelezwa kwa maagizo ya mdomo ya Kiswahili, unaweza kuishia mbele ya hakimu anayeandika hukumu kwa Kiswahili. Hakimu akifungua kamusi ili ajue lenta ni nini, atahitaji zaidi ya neno la Kiingereza lililo mkabala nalo.

Paa na vipaa

Yasifikiriwe haya kuwa ni maombolezo juu ya uhaba wa msamiati. Kuna mahali ambapo Kiswahili kilitangulia kiwango. Katika IFC, paa zima ni kitu kimoja ambacho aghalabu hakina umbo lake chenyewe. Ni chombo kinachokusanya sehemu zake, na kila bapa la mteremko huingizwa kama kitu kinachojitegemea. Wanafunzi wanaojifunza programu hizi hutatizwa na jambo hilo, kwa kuwa Kiingereza cha kawaida hakina neno moja jepesi la bapa hilo. Kiswahili cha pwani kinalo. Paa lina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, na ncha zake za pembeni ni visusi. Kamusi za zamani zimeyahifadhi maneno hayo. Mwalimu wa ufundi angeweza kuufundisha muundo huo wa data kwa sentensi moja: paa ni jumla ya vipaa vyake. Badala yake maneno hayo yameachwa yalale kama mambo ya nyumba za makuti.

Jamvi nalo lina hadhi hiyo. Mafundi wameuchukua mkeka mkubwa wa kutandikwa chini na kuufanya jina la zege inayomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, ndani ya kuta za msingi. Zege inayobebwa hewani na nguzo na bimu wanaiita slabu. IFC hutenga aina hizo mbili vile vile: bamba linalolala juu ya ardhi na bamba la sakafu linalobebwa. Hakuna kamati iliyokaa kuwatengenezea mafundi istilahi hii. Walitazama kitu kinafanya nini, wakakipa jina.

Kiambaza ni kisa cha namna nyingine. Humaanisha ukuta wa miti na fito uliokandikwa udongo, yaani umbo na malighafi katika neno moja. Kiwango cha kimataifa hutenganisha mambo hayo: ukuta ni aina, udongo na miti ni malighafi inayoambatishwa baadaye. Anayetaka kuingiza nyumba ya kijiji cha Newala katika modeli itambidi alipasue neno vipande viwili, na katika kupasua huko elimu moja hupotea, kwa sababu aliyesema kiambaza alikuwa amekwisha kusema pia kwamba ukuta huo husimama kwa miti yake na hukandikwa upya mvua zikiisha. Je, taarifa hiyo iandikwe wapi? Kiwango kina nafasi ya kuongeza sifa za ziada, na mtu wa kuziandika ni yule anayezijua.

Kwa upande wa zana, vikwazo ni vidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, na ikadhihirika kuwa vitufe vinaweza kusema lugha hii. Leo zipo programu huria za modeli za majengo, kama FreeCAD na Bonsai, ambazo shule ya ufundi haizilipii leseni. Faili la IFC kwa kawaida huhifadhiwa kama maandishi matupu, na maandishi ya Kiswahili, yasiyo na alama juu ya herufi, huingia humo bila marekebisho. Kipo kighairi kimoja cha kuchekesha. Katika faili hilo ritifaa hufunga maneno, kwa hiyo ritifaa ya ng' lazima iandikwe mara mbili. Zizi la ng'ombe linahitaji uangalifu ambao kanisa kuu halihitaji.

Kinachokosekana ni fasili, na haziwezi kutungwa ofisini Dar es Salaam kwa kutazama orodha ya Kiingereza. Zitapatikana mahali panapojengwa, na Ndanda panafaa kwa kuwa mafunzo ya ufundi, kiwanda cha uchapaji na majengo ya vizazi kadhaa vimo katika eneo moja. Mtafiti aende na picha na vipande halisi, aulize kitu hiki huitwaje, huanzia wapi, huishia wapi, na kikiondolewa ni nini kitaanguka. Swali hilo la mwisho ndilo litakalotenganisha lenta na mkanda. Majibu yatatofautiana kati ya fundi mwashi na seremala, kati ya mzee aliyejifunza kwa kushika mwiko na kijana aliyetoka chuoni, na tofauti hizo ziandikwe zilivyo kabla ya mtu yeyote kuzisanifu. Kila dhana ipewe fasili ya Kiswahili, mchoro wake na kitambulisho chake cha kimataifa pale kinapopatikana. Pale kisipopatikana, kama itakavyokuwa kwa kiambaza, dhana ipelekwe mbele na Waswahili wenyewe. Maneno 100 ya kwanza yangetosha kujengea darasa lile la mita 32.